Vyungu vya Mama Karambu

Jumatatu, 18 Machi

Nimefika Nkubu pamoja na mvua. Nilikuwa na begi moja na trei ya mayai kutoka kwa mama yangu, na kabla sijafungua lango matone makubwa yakaanza kupiga mabati. Kwetu Mbeere mvua ikianza namna hii watu hutoka nje na ndoo, sufuria, hata vikombe. Hapa kila mtu aliingia ndani akafunga madirisha.

Nimekuja kukaa na mama mkwe wangu, Mama Karambu. Alipatwa na kiharusi mwezi wa Januari akiwa kanisani. Mkono na mguu wa kulia imekuwa mizito, na maneno yamemwacha. Alifundisha ushonaji miaka mingi, na wanafunzi wake wanasema alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kama mshono. Sasa amebaki na maneno machache ya Kimeru, nami Kimeru changu ni cha salamu tu. Mume wangu Mwirigi anafunga nyaya za umeme kwenye jengo jipya kule Isiolo, anarudi mwisho wa mwezi. Dada yake, Kajuju, yuko Nairobi na kazi yake ya bima. Mimi mkataba wangu wa kufundisha chekechea uliisha, kwa hiyo nilisema nitakuja. Hakuna aliyebisha.

Sebule yake nilikuwa nimeiona siku ya harusi tu, ikiwa imejaa watu na sahani. Leo ndiyo nimeyaona maua. Yako dirishani, yako juu ya kabati, yako kwenye cherehani ya zamani, mengine yananing'inia darini kwa kamba. Mwanga unaoingia unageuka kijani kabla haujafika sakafuni. Nilivua viatu, nikakanyaga saruji baridi, na kwa muda mfupi nilihisi kama nimezama kwenye bwawa tulivu na bado napumua.

Yeye alikuwa kwenye kiti chake katikati ya majani. Alinitazama. Sikujua ananikaribisha au ananipima.

Alhamisi, 21 Machi

Nimejipa kazi ya kuyanywesha maua kila asubuhi, kabla hata ya chai. Nyumbani kwetu mgeni hapewi kiti kabla ya kupewa maji, na maji yenyewe yanatoka mbali, juu ya punda. Mtu akikupa kikombe kilichojaa hadi ukingoni, unajua amekuheshimu. Basi navijaza vyungu hivi hadi ukingoni. Hapa maji ni ya kufungua mfereji tu, na sauti yake ikiingia kwenye jagi inanipa usingizi mtamu.

Vyungu vingine vilikuwa na matundu chini na vilikuwa vinavuja sakafuni. Nimeyaziba kwa vipande vya karatasi za nailoni. Sasa hakuna tone linalopotea.

Kuna mmea mmoja umenichekesha. Ni ule wa majani marefu magumu kama mapanga, wenye mistari. Kule kwetu unamea wenyewe vichakani, mbuzi wanaupita, wazee wanausokotea kamba. Hapa umewekwa kwenye chungu cha udongo kilichopakwa rangi, juu ya kitambaa cha kufuma. Nilimwambia Mama kwamba huyu ni jirani yangu. Nikampa maji mara mbili.

Mama alisema neno moja. "Ruuji."

Linakaribia neno letu la mto. Nilidhani anasikia mvua nje, anawaza mito.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Tumelala mchana kutwa, yeye kitini, mimi kwenye mkeka. Nilipoamka sikujua ni saa ngapi wala ni nani amelala.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mwirigi alikuja jana, ataondoka kesho alfajiri. Alikaa karibu na mama yake akimshika mkono mbaya, akimsimulia habari za Isiolo kana kwamba anajibiwa.

Mchana aliingia Peninah, jirani wa upande wa juu, na viazi vitamu. Mama alinyoosha mkono mzima kuelekea dirishani akasema tena, "Ruuji. Ruuji." Nilimuuliza Peninah maana yake. Akasema ni maji, ni kitu gani kingine, mama anataka maji. Nilimletea glasi, akaisukuma. Alikuwa bado anaonyesha maua.

Kumbe anaona siyapi ya kutosha. Niliona aibu mbele ya mgeni. Nilijaza jagi nikayazungukia yote tena, hadi visahani vya chini vikafurika. Mama alifunga macho.

Ijumaa, 5 Aprili

Majani yameanza kuwa manjano. Nayapa maji asubuhi na jioni.

Jumanne, 9 Aprili

Hapajaanuka hata siku moja. Ukungu unashuka kutoka mlimani unakaa kwenye migomba, na sisi tuko ndani yake kama mbegu ndani ya pamba. Wakati mwingine naota nikiwa macho. Leo niliota mama yangu anapita nje ya dirisha hili na punda wake, mitungi imefurika, na nilipotaka kumwita nikakuta na mimi sina maneno.

Maua yanakufa. Ule mtambaa wa majani yenye umbo la moyo, ambao ulikuwa umezunguka picha zote ukutani, umedondosha karibu nusu ya majani yake. Kile kiua kidogo cha zambarau, chenye majani ya manyoya kama sikio la sungura, kimelala. Kuna harufu ya kinamasi sebuleni, na vijidudu vyeusi vidogo vinaruka nikigusa udongo.

Mama hanitazami tena ninapobeba jagi. Anageuza uso ukutani. Kabla ya harusi, Mwirigi alinisimulia kwamba mama yake aliuliza kama msichana wa kule chini kwenye jua ataweza maisha ya baridi. Mwirigi alicheka wakati anasimulia. Mimi sikucheka. Siku hizi swali hilo linarudi ninapoosha vyombo. Naona anasema moyoni, sasa mmeona, hata maua yamemshinda.

Jumapili, 14 Aprili

Kajuju amekuja kwa gari lake na kurudi leo hii hii. Alileta mito ya kuegemea, dawa za presha, na mafuta ya kukanda. Ni mtu wa haraka lakini si mbaya. Alimwogesha mama yake mwenyewe, akamsuka nywele.

Aliposimama sebuleni alikunja pua. Akaniambia, "Lorna, hii nyumba inanuka. Mami ana kifua. Toa haya maua yote nje, akipona atapanda mengine."

Nilisema ndiyo. Baadaye jikoni aliniambia kuna mtaalamu wa kufundisha watu kuzungumza tena, karibu na kwake Nairobi, na kwamba amekuwa akifikiria. Hakumaliza. Nami sikuuliza amekuwa akifikiria nini, kwa sababu nilijua.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika sasa, kila kitu kimetulia na Mama amelala.

Asubuhi nilifanya kama Kajuju alivyosema. Nilivitoa vyungu kimoja kimoja nikavipanga uani chini ya mvua. Nilijiambia pia kwamba mvua ya Mungu ni maji bora kuliko ya mfereji, labda itayafufua. Mama alikuwa kitini. Kila nilipopita na chungu alitoa sauti. Halafu akaanza, "Ruuji, ruuji, ruuji," bila kupumzika, na machozi yakamtoka. Nilipiga magoti nikamwambia, Mama, ndiyo, yanapata maji, tazama, yanapata mengi. Alinipiga begani kwa mkono wake mzima. Haikuuma, lakini sijapigwa na mtu tangu nikiwa mtoto.

Nilichukua mwavuli nikaenda dukani kununua maziwa. Ukweli ni kwamba nilienda kulia mahali asiponiona.

Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye matope katikati ya vyungu, fimbo yake mbali, kitambaa cha kichwa kimeanguka, mvua ikimpiga kichwani. Nilipiga kelele. Hakugeuka. Alikuwa amekikumbatia kile chungu cha jirani yangu, ule mmea wa kamba, akiwa amekilaza mapajani, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anang'oa kitu kutoka chini yake.

Ilikuwa nailoni yangu. Aliivuta ikatoka, na maji meusi yenye harufu yakamwagika juu ya sketi yake kama kutoka kwenye jipu. Aliyaonyesha. "Ruuji," akasema. Kisha akayasukuma kwa kiganja, mbali, mbali, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. "Ruuji."

Nilisimama pale na mwavuli.

Alichukua jani moja refu akalivuta. Lilichomoka bila kupinga, na chini lilikuwa laini, la kahawia, limeoza. Kule kwetu mmea huo unakaa mwaka mzima bila tone na hauinami. Mimi nimeuua kwa maji. Hizi wiki zote alikuwa ananiambia maji, maji, na nilisikia niongeze. Hakuwa na neno la pili. Alikuwa na hilo moja tu, na alilitumia kila siku, na mimi kila siku nilikwenda kujaza jagi.

Nilitaka kumwinua lakini alikataa. Alinishika mkono, akakitenga kidole changu cha shahada, akakizamisha kwenye udongo wa chungu kilichokuwa karibu. Kilizama kama kwenye uji. Alinitazama usoni hadi alipoona nimeelewa. Halafu akakipeleka kidole changu kwenye chungu kingine, ambacho kilikuwa chini ya upenu wa paa na hakikunyeshewa, kile ambacho nilikuwa nasahau kukinywesha kwa sababu ndani kilikaa nyuma ya mlango. Juu udongo ulikuwa mkavu, ndani ulikuwa na ubaridi kidogo, kidole kikatoka na chembechembe chache tu. Mmea wenyewe ulikuwa mzima, kijani kibichi.

Aliachia mkono wangu. Nikaketi matopeni karibu naye, tukanyeshewa wote wawili.

Peninah alisikia kelele zangu akaja, tukamwinua pamoja. Hajavunjika. Ana mchubuko kwenye nyonga. Tumemwogesha maji moto, amekunywa maziwa, amelala.

Nimempigia Kajuju nikamweleza yote, pamoja na kwenda dukani nikamwacha peke yake. Nilisikia magari ya Nairobi nyuma yake. Alisema asante kwa kuniambia, halafu akasema tutaongea.

Jumapili, 21 Aprili

Sijaenda kanisani. Nimeondoa nailoni zote. Nimevileta vyungu ndani tena, kimoja kimoja. Kajuju atasema atakayosema.

Jumamosi, 27 Aprili

Siku hizi Mama ndiye mwalimu. Naleta chungu mbele ya kiti chake, anatumbukiza kidole, kisha natumbukiza changu. Nikiona udongo umenata nakirudisha dirishani bila kitu. Mwanzoni ilikuwa vigumu kwangu, kama kumpitisha mgeni mlangoni bila kumpa hata maji. Mama aliona uso wangu akacheka. Kicheko chake hakikuguswa na ugonjwa, ni kizito, kinatoka tumboni.

Ile mizizi iliyooza ananionyesha nikate kwa mkasi wake wa kushonea hadi nifike kwenye nyeupe. Udongo wa kinamasi tumeutupa, tumeweka mwingine uliochanganywa na mchanga na makapi ya kahawa kutoka kwa Peninah.

Mwirigi amefika. Amekuta mama yake na mkewe wakiwa na udongo hadi kwenye viwiko, akasimama mlangoni muda mrefu na begi lake.

Alhamisi, 2 Mei

Kila mmea una njia yake. Kile cha zambarau hakitaki kumwagiwa juu kabisa, majani yake hupata madoa. Mama ananionyesha nijaze kisahani, nikae nacho, kinywe chenyewe kwa chini, halafu nimwage kilichobaki. Lile kangaga la msituni, lenye majani kama manyoya ya jogoo, halipendi kukauka kamwe, lakini nalo halipendi kuogelea. Vikubwa havihitaji hata kidole, ananifanya nivinyanyue. Chungu chepesi kina kiu. Chungu kizito kiache. Na maji ya kumwagilia tunayachota jioni, yanalala kwenye ndoo, asubuhi hayana ule ubaridi unaoshtua mizizi.

Halafu namwaga polepole, pembeni, mpaka nione tone la kwanza limetoka chini. Tunalisubiri pamoja. Asubuhi nzima inaweza kupita hivyo, mvua nje, na sisi wawili tumeinamisha vichwa tukisubiri tone.

Jumapili, 5 Mei

Leo hakuna chungu chenye kiu. Tumelala.

Jumapili, 12 Mei

Mtambaa umetoa jani jipya, limekunjwa kama karatasi ya sigara, linang'aa. Vijidudu vimeisha. Mmea wa kamba haukupona wote, ila Mama alinifanya nikate kipande cha jani kilichokuwa kigumu bado, nikiache kikauke juu ya gazeti siku kadhaa, ndipo nikakisimika kwenye mchanga mkavu. Hataki nikipe maji. Kila nikikipita ananyanyua kidole kunionya.

Nilimuuliza leo kuhusu lile swali la kabla ya harusi. Nilijua hawezi kunijibu, labda ndiyo sababu niliweza kuuliza. Nilisema, Mama, ulikuwa unaogopa sitaweza baridi. Alifikiri kidogo. Halafu akainuka kwa fimbo, pole pole sana, akaenda kwenye kabati la chumbani kwake, akarudi na sweta la sufu nene la rangi ya udongo. Aliliweka mapajani mwangu. Lilikuwa bado na karatasi ya bei, halijawahi kuvaliwa, na lilikuwa la kipimo changu. Yeye ni mwembamba, Kajuju ni mnene. Hakuna mwingine wa kuvaa sweta hilo katika nyumba hii.

Sijui alilinunua lini. Nimelivaa sasa ninapoandika.

Jumamosi, 18 Mei

Kajuju amekuja. Sebule ilikuwa safi, yenye harufu ya udongo mkavu, na maua yalikuwa yamesimama. Aliyatazama akasema, "Umefanya kazi, Lorna." Nilifikiri basi, ameona, atamwacha hapa na sisi.

Alipiga magoti mbele ya kiti akaongea na mama yake kwa Kimeru, taratibu. Nilisikia Nairobi, nilisikia daktari. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikisubiri Mama akatae. Nilikuwa na uhakika. Niliona jinsi atakavyotikisa kichwa, niliona jinsi nitakavyomtetea.

Mama alikubali kwa kichwa papo hapo. Akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu.

Niliingia jikoni nikafungua mfereji ili nisisikike.

Kajuju alinifuata. Alifunga mfereji. Alisema, "Si kwa sababu alianguka akiwa na wewe. Anataka kuongea tena. Ungekuwa wewe ungetaka nini?" Jibu nililijua. Nimeishi naye masika yote na nimeona anavyolitafuta neno kinywani, kama mtu anayepapasa sindano sakafuni. Nilitaka abaki kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeanza kuipenda nyumba ambamo hakuna anayesema.

Tulifunga nguo zake. Kajuju alitaka achukue chungu kimoja, kile cha zambarau, akamwekea mapajani ndani ya gari. Mama alikiinua kwa mkono wake mzima akanirudishia kupitia dirisha la gari. Halafu alikishika kidole changu, kilichokuwa na udongo ndani ya ukucha, akakifuta kwa pindo la leso yake hadi kikawa safi. Gari likaondoka. Nilibaki langoni nimekumbatia chungu, mvua nyepesi inanyunyiza.

Jumanne, 21 Mei

Mwirigi ameomba nikae hapa nyumba isibaki tupu. Nimesema sawa.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua imekwisha. Imeacha ukungu na baridi. Udongo unakawia kukauka wakati huu, natumbukiza kidole na kukitoa.

Alhamisi, 6 Juni

Kajuju anasema anafanya mazoezi kila siku, anachoka, anakasirika, anaendelea. Kwenye simu hataki kuongea.

Jumapili, 9 Juni

Nimekunywa chai na mkate. Sina hamu ya kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja. Nimelala mchana kwenye kiti chake, na nilipofungua macho mwanga wa kijani ulikuwa umenifunika hadi shingoni.

Ijumaa, 14 Juni

Simu imelia jioni hii, taa nimeziwasha punde tu. Ilikuwa Kajuju. Akasema subiri, kuna mtu. Halafu nikasikia pumzi.

Nikasema, Mama? Pumzi tu. Basi nikaanza kumweleza, haraka haraka, kama mwanafunzi anayetoa hesabu ya kazi yake. Kwamba kipande cha mmea wa kamba kimetoa mizizi, nimekivuta kidogo nikahisi kinanivuta. Kwamba kangaga liko vizuri. Kwamba cha zambarau kina vichomozi, bado sijui kama ni maua au majani. Kwamba sijajaza chungu chochote hadi ukingoni, hata mara moja.

"Lorna," akasema.

Sauti yake sikuwahi kuisikia ikisema jina langu. Ilikuwa nzito, ya mwalimu, kila herufi imewekwa mahali pake kwa nguvu.

"Umekula?"

Kwa Kiswahili. Nyuma yake nilimsikia Kajuju akivuta hewa, kumbe hata yeye hakuwa amelisikia neno hilo.

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Bado, Mama."

Alikuwa akilitafuta neno jingine. Nilisubiri. Nimejifunza kusubiri.

"Kula," akasema.

Nikaweka simu mezani bila kuikata. Nikawasha jiko, nikapasha githeri, mahindi na maharagwe aliyoniletea Peninah juzi, nikakata kitunguu, nikapakua. Nikaketi mbele ya simu nikala, kijiko kikigonga sahani, naye upande wa pili akinisikiliza, hadi sahani ikaisha.